Msafisheni Sista Kanga: barua ya wazi kwa Bodi ya hospitali yetu

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Hospitali,
Mganga Mfawidhi,
Muuguzi Mkuu,
Uwanda wa Makonde, Mkoa wa Mtwara.

YAH: OMBI LA KUFUTA BARUA YA ONYO NA KUTAMBUA KAZI YA MAREHEMU MKUNGA WENU

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninaandika hadharani, kumtetea mkunga aliyepewa onyo kwa kuwafunga watoto njiti, yaani waliozaliwa kabla ya siku zao, kifuani kwa mama zao, kwa sababu milango ya ndani nimeigonga yote. Barua zangu ziko masjala kwenu, zimegongwa muhuri wa kupokelewa. Ofisini kwa Mganga Mfawidhi nilipewa kiti na soda, nikaambiwa suala linafanyiwa kazi. Nilimfuata mjumbe mmoja wa Bodi mpaka msibani, jambo lisilo la adabu, naye akanijibu kwa upole: "Mzee wangu, mambo haya yana taratibu zake." Taratibu nazijua. Nimeendesha gari la wagonjwa la hospitali hii mpaka nikastaafu, na hata lita tano za dizeli nilikuwa nazitolea maelezo kwa maandishi. Utaratibu wa kunyamazia barua ya raia ndio ambao sijauona umeandikwa popote.

Hospitali sitaitaja, mnajijua. Jina la marehemu nalo nimeliacha kwa ombi la wanawe, ambao hawataki lianze kuzunguka kwenye simu za watu kabla ninyi hamjajibu. Kwenye barua mlizonazo limeandikwa kamili, pamoja na cheki namba yake. Hapa nitamwita kama alivyoitwa wodini, Sista Kanga. Walioanza kumwita hivyo walikuwa wakimcheka, kisha wazazi wakalichukua jina wakalifanya la heshima, naye akaliitikia kwa wote.

Mimi si daktari. Niliyoyaona niliyaona nikiwa nyuma ya usukani, na kwenye korido ya wodi ya wazazi nikisubiri kusainiwa karatasi za safari. Mambo ya utafiti nimeyasoma, na mengine alinisomea mwenyewe kibarazani kwake, na miwani yake iliyofungwa uzi upande mmoja.

Kwa faida ya wasiomfahamu, nieleze kidogo.

Miaka ile hospitali ilikuwa na chupa moja tu ya watoto njiti, ile mashine ya kuwatunzia joto, ya msaada, yenye maelekezo ya lugha ambayo hakuna aliyeisoma. Chupa inataka umeme, na umeme wetu mnaujua. (Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na bomba la kuipeleka Dar es Salaam likakamilika mwaka 2015. Huku juu tuliendelea kununua mishumaa. Lakini hilo lina barua yake.) Mtoto wa gramu 1,300 akizaliwa saa nane usiku na umeme umekatika, alifutwa, akazungushiwa pamba na blanketi, akalazwa mezani chini ya taa isiyowaka. Mama alipelekwa wodini akapumzike. Kwenye ripoti ya asubuhi ilisomwa kwamba njiti amefariki alfajiri, watu wakaandika, wakaendelea na ajenda.

Sista Kanga alisema watoto wale wanauawa na baridi. Mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake hana mafuta ya kutosha mwilini, ngozi yake ni nyembamba, na joto linamtoka upesi kuliko anavyoweza kulitengeneza. Blanketi halizalishi joto, linatunza tu lililopo, na mtoto akishapoa hakuna cha kutunza. Wanaoishi Mtwara mjini watashangaa kusikia habari za baridi. Waje huku Uwandani mwezi wa saba, saa kumi na moja alfajiri, wasimame nje bila koti.

Alichofanya yeye ni kumvua mtoto akabaki na nepi, kofia na soksi, akamweka wima kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, katikati ya matiti, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeuzwa upande na kidevu kimeinuliwa kidogo ili njia ya hewa isibanwe. Kisha aliwafunga wote wawili kwa kanga, ukingo wa juu ukiishia chini ya sikio la mtoto. Asiyeweza kunyonya alikamuliwa maziwa akanyweshwa kwa kikombe kidogo kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Mama akitaka kuoga, bibi wa mtoto alipokea zamu. Mama mmoja alipopasuliwa na bibi hakuwepo, alimvua shati baba mtu, mkulima wa mikorosho mwenye kifua kama mlango, akamfunga mwanawe pale. Wodi ilicheka mpaka walinzi wakaja kuuliza kuna nini. Mtoto yule sasa ni kijana, anaendesha bodaboda, na hajui kwa nini mzee mmoja humlipa nauli kwa furaha kila akipanda pikipiki yake.

Wazo halikuwa lake, na hakuwahi kudai kuwa ni lake. Lilianzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, pale daktari Edgar Rey Sanabria, na baadaye mwenzake Héctor Martínez, walipokuwa na wodi iliyofurika, chupa hazitoshi, watoto wanalazwa wawili wawili na kuambukizana maradhi. Wakawarudisha watoto kwa mama zao. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa njia hii, inayoitwa ya kangaruu. Kivuli cha mwongozo huo kilimfikia Sista Kanga kupitia muuguzi mgeni aliyepita, na alikisoma mpaka kurasa zikaachana.

Sasa ugomvi wenyewe, na hapa nataka niwe wa haki kwa waliomwadhibu. Mwongozo ule, na hata mapendekezo yaliyotolewa mwaka 2015, ulihusu mtoto aliyekwisha kutulia: anapumua vizuri, hana hali ya hatari. Sista Kanga hakusubiri. Alimfunga mtoto kifuani palepale leba, hata anayehema kwa shida, akabaki amesimama kando akimwangalia. Madaktari wakasema anavunja mwongozo, na kwa maandishi ya wakati ule walikuwa na pa kushika. Yeye alijibu kwamba kutulia kwenyewe kunaletwa na joto la mama, kwa hiyo kumsubiri mtoto atulie kwenye meza ya baridi ndipo apewe joto ni kumsubiri afe. Alisema hivyo kwenye kikao cha asubuhi, mbele ya wakubwa, kwa sauti yake ile isiyojua kunong'ona. Pengine sauti ndiyo iliyomponza kuliko hoja.

Akaandikiwa barua ya kujieleza. Akajieleza kurasa nne. Akapewa barua ya onyo, kisha uhamisho wa kwenda zahanati iliyo chini kabisa, upande wa bonde la Ruvuma, ambako hakukuwa na chupa, hakukuwa na umeme, na kwa bahati njema hakukuwa na wa kumkataza. Aliendelea. Mimi ndiye niliyekuwa nikiitwa kuchukua wagonjwa wake wa rufaa, na alikuwa na sharti moja: gari haliondoki mpaka mama apande mtoto akiwa amefungwa kifuani. Barabara ile wakati wa masika ni tope na makorongo, mwendo wa saa nyingi. Kutoka zahanati nyingine nilipokea watoto waliofungwa vitenge vitatu, na tukifika nesi akigusa miguu anatikisa kichwa. Wa Sista Kanga walifika na joto. Dereva hahitaji cheti kuona tofauti hiyo.

Mwaka 2021 matokeo ya utafiti yalichapishwa katika jarida la New England Journal of Medicine. Ulifanyika katika hospitali tano za nchi tano, Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, na yetu ilikuwa Muhimbili. Watoto 3,211 waliozaliwa na uzito kati ya kilo 1 na gramu 1,799 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliwekwa kifuani kwa mama mara tu baada ya kuzaliwa, jingine likasubiri mtoto atulie kama ilivyozoeleka. Ndani ya siku 28, waliosubirishwa walikufa asilimia 15.7. Waliowekwa kifuani mara moja walikufa asilimia 12.0. Yaani robo ya vifo iliondoka. Wasimamizi wa usalama wa washiriki walishauri utafiti usimamishwe mapema, kwa kuwa haikuwa haki tena kuendelea kuwasubirisha wengine. Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani likabadili mapendekezo yake: kangaruu ianze mara tu mtoto azaliwapo, asitenganishwe na mama, isipokuwa asiyeweza kupumua mwenyewe baada ya kusaidiwa, aliye kwenye mshtuko au anayehitaji mashine ya kumpumulia.

Wakati huo Sista Kanga alikuwa amestaafu na presha imemwelemea. Nilimpelekea habari kwenye simu ya mjukuu wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Ile barua yangu watakuja kuichukua lini?" Akacheka sana. Alizikwa barua haijachukuliwa, na arobaini yake ikapita.

Kisha mkafungua chumba cha kangaruu. Nilikuja nikakaa nyuma kwenye viti vya plastiki. Hotuba zilikuwa tatu na ngoma ilipigwa. Mgeni rasmi aliwapongeza viongozi kwa ubunifu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Barua ya onyo bado imo ndani ya jalada lake, na kwa maandishi yenu mtu huyu alikufa akiwa na kosa la kuhatarisha maisha ya watoto kwa kufanya jambo ambalo leo mmelibandika ukutani kama huduma ya lazima. Nakala aliyopewa yeye ninayo, na wanawe wameniruhusu kuisema. Haikuandikwa kwamba alitangulia mwongozo, jambo ambalo lingekuwa kweli. Iliandikwa kwamba alileta mila za kijijini hospitalini. Ningeomba mtu mmoja kati yenu aisome barua hiyo kwa sauti akiwa amesimama ndani ya chumba kile kipya.

2. Posho ya uhamisho hakulipwa. Alihama na mizigo yake kwenye lori la ufuta, akakopa nauli kwa shemeji yake, na madai yake yalizungushwa mezani mpaka akastaafu. Najua si yeye peke yake, kila mtumishi wa umma ana hadithi kama hiyo. Lakini mtu akihamishwa kwa adhabu isiyostahili, halafu akanyimwa na haki ya adhabu hiyo, hapo mnadaiwa mara mbili.

3. Jiwe la uzinduzi lina majina ya watu ambao baadhi yao hawajawahi kumshika njiti. Sina ugomvi nao. Nafasi imebaki chini ya jiwe, nimeipima kwa kiganja.

4. Chumba chenyewe hakifanyi kazi aliyoipigania, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote matatu hapo juu, kwa hiyo nitalieleza kwa urefu.

Mwezi uliopita mke wa mpwa wangu alijifungua kwenu mtoto wa gramu 1,600. Mtoto alichukuliwa leba akapelekwa kupimwa, kuandikishwa na kulazwa chini ya taa, mama akabaki upande mwingine wa jengo. Walikutanishwa kesho yake, baada ya raundi ya daktari. Ninaandika haya nikiwa nimefurahi kwamba mtoto ni mzima. Lakini hiyo siyo kangaruu ya 2022, ni ileile ya kusubiri ambayo Sista Kanga aliikataa akaadhibiwa. Mmejenga ukuta mpya kulizunguka kosa la zamani.

Ndani ya chumba kuna vitanda, na viwili kati ya hivyo vimebeba maboksi ya glavu na madaftari ya kliniki. Vimelazwa kama vitanda vya wodi ya kawaida, wakati mama anayebeba mtoto kifuani anatakiwa alale ameinuka mgongo. Mito miwili ya pamba ingetosha. Mapendekezo yanasema mtoto akae kifuani saa 8 hadi 24 kwa siku, kadiri inavyowezekana kwa wingi. Katika utafiti niliousema, walioanza mara moja walibebwa karibu saa 17 kwa siku. Mama mmoja hawezi saa 17 peke yake akiwa amejifungua jana, ana kidonda, ana njaa. Anahitaji wa kupokezana naye. Lakini saa za kutazama wagonjwa zikiisha, mlinzi wenu anawatoa bibi, shangazi na baba wa mtoto kwa sauti ya kufukuza mbuzi. Huku kwetu mtoto ni wa upande wa mama, bibi mzaa mama ndiye anayekuja na beseni, chupa ya chai na uji. Mnamtoa nje mtu ambaye mwongozo unamwita msaidizi.

Halafu maji. Uwanda huu haujawahi kuwa na maji ya kutosha tangu tuzaliwe, nawaelewa. Ila mama anayeambiwa anawe mikono kabla ya kukamua, kisha akaelekezwa ndoo iliyo tupu, mmempa somo bila vitendea kazi.

Matokeo ya Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto nchini yalionyesha kwamba vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 kwa kila vizazi hai 1,000 mwaka 2015/16 hadi 43 mwaka 2022. Ni hatua kubwa, na wapewe sifa wanaostahili. Sasa tazameni vifo vya wachanga, wa mwezi wa kwanza: kutoka 25 hadi 24. Palepale. Chanjo na vyandarua vimefika kwa mtoto mkubwa, yule wa siku ya kwanza bado yuko mezani. Ndiyo maana siombi jina ukutani tu. Jina lake juu ya mlango wa chumba kinachofanya alichokikataa lingekuwa tusi.

5. Kauntabuku lake. Tangu hospitalini hadi zahanati aliandika kila mtoto aliyemfunga: tarehe, uzito wa kuzaliwa, joto la mwili asubuhi na jioni, amenyonya au kanyweshwa, uzito wa kutoka, na wale waliokufa kawaandika kwa wino uleule bila kuwaficha. Alipohamishwa, la kwanza lilichukuliwa kama ushahidi wa kosa lake. Halikurudi. La pili liko kwa bintiye, limefungwa ndani ya mfuko wa sandarusi kwa ajili ya mchwa. Sitataja hesabu zake hapa, kwa sababu za watoto hazitakiwi kujumlishwa na dereva. Zipo, zijumlishwe na wanaojua.

6. Manesi vijana. Mmoja aliniambia, tukiwa nje ya geti, kwamba anajua mtoto anapaswa kwenda kifuani moja kwa moja, kasomeshwa chuoni, ila "hatutaki yale ya Sista Kanga". Sikuwa na la kumjibu.

Najua yatakayosemwa, maana mengine nimeshaambiwa.

Mtasema alivunja utaratibu, na utaratibu ni utaratibu hata kama baadaye umebadilika. Mwaka 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipokuwa wakifa kwa kipindupindu kule Bangaon, India, na dripu zimekwisha, daktari Dilip Mahalanabis aliwapa ndugu wa wagonjwa maji yenye chumvi na sukari wawanyweshe wenyewe. Wataalamu wengi wa wakati huo hawakuamini kwamba jambo hilo linaweza kuachiwa mikononi mwa watu wasiosomea. Vifo kambini pale vilishuka kutoka kama asilimia 30 hadi 3.6. Leo zahanati za Mtwara zina pakiti za kutengenezea maji hayo, na hakuna anayekumbuka kuuliza alipata kibali kwa nani. Mahalanabis alifariki Oktoba 2022, na Januari iliyofuata Serikali ya India ikamtunuku nishani ya Padma Vibhushan. Kwa hiyo na lile la "marehemu hatunukiwi" lisiletwe.

Mtasema wazo ni la Wakolombia. Ni kweli, na dawa ya amoksilini haikugunduliwa katika hospitali zetu za Ligula wala Ndanda. Tunampa sifa anayelifikisha jambo kwa mgonjwa wakati wenzake wamekataa.

Mtasema waliomwandikia onyo wamehama, wamestaafu, wengine wametangulia. Ofisi haihami. Barua ile haikusainiwa kwa jina la mtu na ubini wake, ilisainiwa "kwa niaba ya" hospitali, na hospitali ipo.

Mtasema hakuna kasma, yaani fungu la bajeti. Karatasi moja yenye nembo, saini na muhuri haihitaji kasma. Kuhamisha maboksi ya glavu hakuhitaji kasma. Kumwambia mlinzi aache bibi alale kwenye mkeka hakuhitaji kasma. Mito nitanunua mimi kama itawasumbua, bei yake Masasi naijua.

Na mtasema, kwa sauti ya chini, kwamba akisafishwa huyu, kesho kila mwenye onyo atakuja kudai. Waje. Kila mmoja apimwe kwa kosa lake. Hamtapata wengi ambao kosa lao limegeuka kuwa mwongozo wa dunia.

Uwanda huu si mgeni katika vitabu vya tiba. Ugonjwa wa chikungunya ulielezwa kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa hapa mwaka 1952 na 1953, na mpaka leo madaktari wa Brazili na India wanautaja kwa neno lililotoka vinywani mwa wazee wetu. Walioumwa walikuwa Wamakonde. Walioandika na kukumbukwa ni watafiti wageni, Robinson na Lumsden. Siwalaumu, walifanya kazi yao. Nasema tu kwamba safari hii aliyeandika alikuwa wetu, na daftari lake liko kwenye mfuko wa sandarusi.

Ninachoomba, kwa niaba yangu na ya wanawe, ni kama ifuatavyo.

Bodi ikae, iifute barua ya onyo, na itoe barua nyingine yenye nembo itakayosema kwamba alichokifanya kimekubalika na kwamba onyo lile halikustahili. Nakala moja iingie kwenye jalada, moja wapewe watoto wake. Hili ndilo la kwanza, na likishindikana mengine yote hayana maana.

Kauntabuku la kwanza litafutwe. Chumba cha masjala ya zamani nyuma ya jengo la dawa bado kimejaa majalada, nami niko tayari kuja kupekua na mtu wenu nikiwa nimeziba pua. Likipatikana liunganishwe na la pili, na hospitali imuombe mtafiti wa chuo au taasisi ya afya ayapitie kwa ruhusa ya familia.

Madai ya posho ya uhamisho yapelekwe kwa Mkurugenzi yakiwa na barua yenu ya kuyaunga mkono. Kulipa si kazi yenu, kuandika ni kazi yenu.

Chumba cha kangaruu kianze kufanya kazi tangu leba: mtoto asitenganishwe na mama kwa sababu ya kuandikishwa, vitanda vyote viwe vya wazazi, msaidizi mmoja wa ndugu aruhusiwe saa zote, na dereva wa gari la wagonjwa afundishwe lile sharti la kutoondoka. Dereva wa sasa ni kijana msikivu, nimeshazungumza naye, anasubiri tu aambiwe na mkubwa wake.

Mambo hayo yakianza ndipo jina lake liwekwe juu ya mlango. Familia imependekeza liandikwe jina lake kamili na chini yake, kwa herufi ndogo, lile la wodini. Fundi wa maandishi yupo sokoni, anachora mabango ya vyama vya msingi vya korosho, na mama yake alijifungulia mikononi mwa Sista Kanga. Amesema hatachukua hela.

Tarehe 17 Novemba ni Siku ya Watoto Njiti Duniani. Ningependa tupate jibu la maandishi kabla ya siku hiyo. Jibu lipitie kwa binti yake mkubwa, anuani mnayo kwenye fomu za mirathi mlizomsainia. Likija la kukubali, tutaleta kanga. Likija la kukataa, nitaomba liwe na sababu zilizoandikwa, ili nilipeleke kwa ngazi inayofuata pamoja na nakala ya onyo na kurasa nne za kujieleza kwake, ambazo kwa maoni yangu ndiyo maelezo mazuri kuliko yote ya huduma ya kangaruu yaliyowahi kuandikwa kwa Kiswahili katika wilaya hii. Lisipokuja kabisa, asubuhi ya tarehe hiyo nitakuwa kwenye benchi la nje ya masjala, na wazazi kadhaa wa Uwandani wameniambia watakuja na watoto wao, waliokuwa njiti, wakiwa na sare za shule.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Dereva mstaafu, gari la wagonjwa.

Nakala: Familia ya marehemu, Mwenyekiti wa kijiji, upande wa bonde, manesi wote wa wodi ya wazazi, zamu ya mchana na ya usiku.